Mteja amesema wali wangu unanuka samaki

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Kigamboni, na kwa miaka minne sasa ninapika chakula cha mchana na kukipeleka mjini kwa wafanyakazi wa ofisi za maeneo ya Posta. Kila siku ya kazi ninavuka na pantoni nikiwa na mabeseni mawili yaliyojaa chakula kilichokwisha kufungwa, kila mteja na bakuli lake la plastiki lenye mfuniko. Jioni ninayakusanya mabakuli hayo, ninayaosha, na kesho yake yanarudi kazini. Ninayo 42, niliyanunua kidogokidogo, na siwezi kuyatupa ovyo kwa sababu ndiyo mtaji wangu.

Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwezi Juni 2019 nimezoea kwenda sokoni na vyombo vyangu. Nikirudi kutoka mjini hupitia Feri kununua samaki wa siku inayofuata, na kwa kuwa mabakuli ya wateja ninakuwa nayo mkononi, mara nyingi samaki huwatia humohumo. Nikifika nyumbani huwatoa, naosha bakuli kwa sabuni, na sikuwahi kuona kama kuna ubaya wowote.

Wiki mbili zilizopita mteja wangu mmoja, mama mtu mzima ambaye hajawahi kulalamikia hata chumvi, alinipigia simu akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huu wali leo umeupikia kwenye sufuria la samaki?" Siku hiyo nilikuwa nimepika wali wa nazi na maharage, na samaki hakuwamo kabisa. Niliona aibu kubwa. Niliporudi nyumbani nilinusa mabakuli yote, moja baada ya jingine, na sikusikia kitu. Nikamwita binti yangu wa darasa la nne, akanusa la kwanza tu, akarudisha kichwa nyuma na kusema, "Mama, hili samaki."

Tangu hapo nimeyaosha kwa sabuni ya maji yenye harufu ya ndimu, mara mbili mbili. Nimeyachemshia maji. Nimeyasugua kwa stilwaya hadi yamefifia na kuwa meupe meupe kama yameingia ukungu. Sasa ukifungua bakuli unakutana na harufu mbili, ya samaki na ya sabuni, na sijui ipi ni mbaya zaidi. Jirani mmoja amenishauri niyaloweke kwenye jiki usiku kucha, na mwingine ameniambia niyafukize udi.

Si mabakuli peke yake. Nina chupa 15 za plastiki za lita moja ninazouzia juisi, na zile zilizowahi kutiwa juisi ya tangawizi, hata nikitia pasheni, mteja anakunywa pasheni yenye tangawizi. Chupa yangu ya chai nayo ina harufu ya maziwa yaliyochacha, ingawa ninaiosha kila siku.

Shangazi, kwa nini harufu haitoki wakati chombo kinaonekana safi? Nitumie nini? Je, hiyo jiki ni salama? Na yule mama, ambaye hajaagiza tena tangu siku ile, nimwambie nini?

Mama Wawili, Kigamboni

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale uliposema kwamba umeyasugua mabakuli kwa stilwaya hadi yakafifia, kwa sababu hapo ndipo bidii yako ilipogeuka kuwa sehemu ya tatizo. Wewe si mchafu, na ningependa uliondoe wazo hilo moyoni kabla hatujaanza. Nimefundisha sayansikimu kwa miaka mingi, na vyombo vyenye harufu sugu nilivyoletewa na wanafunzi na wazazi wao havikuwa vyombo vya watu wavivu. Vilikuwa vya watu wanaoosha sana, lakini wanaosha mahali ambapo harufu haipo.

Harufu unayoitafuta haiko juu ya bakuli. Imo ndani ya plastiki yenyewe. Mabakuli ya aina hiyo hutengenezwa kwa malighafi itokanayo na petroli, nayo hupatana na mafuta kuliko inavyopatana na maji, ndiyo maana tone la maji huteleza juu yake lakini mafuta ya mchuzi hung'ang'ania hata baada ya suuza tatu. Vitu vinavyoleta harufu katika chakula, iwe ni kitunguu saumu, karafuu, tangawizi au shahamu ya samaki, kwa sehemu kubwa husafiri pamoja na mafuta. Chakula chenye mafuta kikikaa saa kadhaa ndani ya plastiki, na hasa kikiwa cha moto, chembe hizo huzama taratibu ndani ya chombo, na sabuni inayopita juu haizifikii.

Chombo kikiwa kitupu na baridi, chembe hizo hutulia humo ndani. Ukitia wali wa moto, ukafunika, ukavuka na pantoni na kuzunguka ofisi hadi ofisi, joto huzitoa chembe hizo kwenye plastiki, mvuke wa wali huzibeba, mfuniko huzizuia zisitoke, na wali, ambao una nazi na kwa hiyo una mafuta ya kuzipokea, huzinywa. Kwa hiyo mteja wako alifungua bakuli lililokuwa limepashwa moto kwa muda mrefu, nawe ulinusa mabakuli matupu yaliyopoa. Wote wawili mlisema kweli. Tena pua ya mtu anayekaanga samaki kila siku huizoea harufu hiyo na kuacha kuitambua, jambo ambalo hutokea kwa kila binadamu. Binti yako pua yake haijazoea, na baadaye katika barua hii nitakuomba umpe kazi.

Sasa kuhusu stilwaya. Waya ule hukwaruza plastiki na kuacha mifereji midogo isiyoonekana kwa macho ila kwa ule ukungu ulioueleza, na ndani ya mifereji hiyo mafuta na mabaki ya chakula hupata mahali pa kujificha. Bakuli lililokwaruzwa hushika harufu upesi kuliko jipya. Tumia dodoki lililolainika au sponji upande wake laini, na stilwaya uiachie masufuria. Sabuni yenye manukato nayo iweke kando, kwa kuwa manukato yale ni mafuta mepesi, na plastiki huyanywa kama inavyonywa samaki. Sabuni ya mche isiyo na harufu, au sabuni ya maji isiyotiwa manukato, itakufaa zaidi.

Kabla ya dawa yoyote, badilisha mpangilio wa kuosha. Chombo kilichobeba samaki, mayai au maziwa kisuuzwe kwanza kwa maji ya baridi, tena mapema iwezekanavyo, hata kama ni pale pale kwenye bomba la ofisini kabla hujaondoka. Maji ya moto yakitangulia huivisha utomvu wa samaki ukagandia kwenye kuta za bakuli, kama ute wa yai unavyogandia kikaangoni. Maji ya baridi yakishaondoa utomvu, ndipo yafuate maji ya moto na sabuni ili kuyeyusha mafuta. Nimeona watu wakipunguza nusu ya tatizo kwa kubadilisha jambo hili moja tu.

Baada ya hapo lazima ujue unapambana na harufu ya namna gani, kwa sababu harufu hazifanani na dawa zake hazifanani. Samaki wa baharini akiwa hai ana kitu mwilini kisicho na harufu. Akishakufa, vijidudu hukigeuza kikawa kitu kiitwacho trimethilamini, na hicho ndicho tunachokiita shombo. Trimethilamini iko katika jamii ya vitu vilivyo kinyume cha asidi, kwa hiyo asidi ikiigusa huigeuza ikawa chumvi isiyoruka hewani, na kisichoruka hewani hakifiki puani. Wewe mwenyewe unaijua kanuni hii bila kuiita kwa jina, kwa kuwa nina hakika hukaangi changu wala kibua bila kumkamulia ndimu kwanza. Kamulia na bakuli. Kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu tia maji ya ndimu nne au tano zilizochujwa, au kikombe kimoja kidogo cha siki nyeupe, jaza bakuli mpaka ukingoni, uzamishe na mfuniko wake ndani ya beseni la maji hayohayo, uache kwa saa moja au mbili, kisha suuza. Kwa mabakuli 42 siki itakuwa nafuu kuliko ndimu, na harufu yake huondoka yenyewe chombo kikipigwa na hewa.

Harufu ya maziwa yaliyochacha, kinyume chake, inatokana na asidi, hivyo kuitilia ndimu ni kuiongezea nguvu. Hiyo dawa yake ni bekingi soda, vijiko vitatu vya chakula kwa lita moja ya maji ya moto, nayo hufaa pia kwa harufu za chakula kilicholala na mchuzi uliochachuka. Nunua bekingi soda yenyewe, usichukue bekingi pauda, ambayo imekwisha kuchanganywa na asidi na wanga na haitafanya kazi hii. Ukiwa na magadi ya kupikia maharage, nayo ni ya ukoo huohuo, ila ni makali zaidi na mara nyingi yana udongo, kwa hiyo yayeyushe, uyachuje, utumie kidogo, na usiyatie katika chombo cha alumini, kwa sababu huila alumini na kuiacha nyeusi.

Kuna mtindo umeenea wa kumimina siki na bekingi soda kwa pamoja, watu wakifurahia povu linalopanda, wakidhani povu ndiyo nguvu ya dawa. Povu lile ni hewa ya kaboni dayoksaidi tu, na likishatulia siki na soda zinakuwa zimemalizana zenyewe kwa zenyewe, yanabaki maji yenye chumvi ambayo hayana kazi kubwa. Zitumie zote ukipenda, lakini siki leo, suuza, kisha soda kesho.

Sasa tuje kwenye mfuniko, na hapa naomba unisome kwa makini, kwa sababu barua yako ndefu imetaja mabakuli mara nyingi na mfuniko mara moja tu. Angalia upande wa ndani wa mfuniko wa bakuli lako. Kama una mpira laini unaozunguka katika mfereji wake, mpira huo kwa kawaida ni wa silikoni, nao hunywa mafuta na harufu kuliko hata plastiki yenyewe, tena huzuia maji yasikauke katika mfereji ulio chini yake. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na hotpoti niliyoipenda, ambayo kila nilipoifungua ilinipokea kwa harufu ya kitambaa kibichi. Niliiosha ndani kwa kila njia ninayoijua. Siku moja nilikaa nayo barazani mchana, kwenye mwanga, nikachokoa mpira wa mfuniko kwa kijiti cha meno, ukatoka taratibu kama uzi wa kanzu, na chini yake kulikuwa na ute wa kijivu wenye chembe za wali na kipande cha jani la giligilani ambalo sikumbuki nilipika lini. Hotpoti ilikuwa safi muda wote. Nilichokuwa nikikinusa ni ule mfereji.

Kwa hiyo toa mipira yote. Tumia kijiti cha mti, usitumie kisu, kwa kuwa mpira uliochanika haurudi. Iloweke kwenye maji ya siki, kisha siku ya pili kwenye maji ya soda, uisugue kwa mswaki wa zamani, usugue na mfereji wenyewe, na uiache ikauke kabisa ikiwa imelala peke yake kabla ya kuirudisha. Mpira wa silikoni unaweza kuchemshwa kwenye sufuria ya maji kwa dakika kumi bila kuharibika, na joto hilo hutoa harufu nyingi iliyozama. Kama mifuniko yako haina mpira, basi ina ukingo uliokunjwa, nao pia hushika mabaki, ukapitishiwe mswaki vivyo hivyo.

Kinachofuata hakina gharama yoyote. Anika mabakuli na mifuniko juani, juu ya kichanja, yakiwa yametazama juu, wala usiyafunike. Joto la jua la Dar es Salaam huzisukuma chembe za harufu zitoke kwenye plastiki, na upepo wa bahari huzichukua. Siku mbili za jua, saa chache kila siku, hufanya kazi ambayo sabuni haiwezi. Utaona pia madoa ya manjano ya binzari yakififia, maana rangi ile haihimili mwanga wa jua. Usiyaache juani wiki nzima, kwa sababu plastiki huchakaa na kuwa ngumu, ikapasuka ukiibana.

Mabakuli yatakayobaki na harufu hata baada ya hapo uyatie mkaa. Chukua vipande viwili vya mkaa mkavu usiowahi kuwashwa, uvifunge katika kitambaa cha pamba ili visiache masizi, uviweke ndani ya bakuli lililokauka vizuri, ufunike kwa siku mbili au tatu. Mkaa una matundu madogo mno yasiyohesabika, na chembe za harufu zikigusa kuta za matundu hayo hunata. Mkaa wetu wa kupikia hauna nguvu kama ule unaotengenezwa maalumu kwa kuchujia maji, lakini ndani ya bakuli dogo lililofungwa unasaidia. Kusafisha chombo cha chakula kwa mkaa si jambo geni katika nchi zetu: Wakalenjin wa Bonde la Ufa huko Kenya husugua ndani ya kibuyu cha maziwa kwa mkaa wa mti wanaouita senetwet kabla ya kumimina maziwa ya kutengenezea mursik, yaani maziwa yao ya mgando, na maziwa hukaa humo siku nyingi bila kuharibika kwa harufu.

Jirani aliyekushauri kufukiza udi amekumbuka desturi nzuri, lakini ameipeleka mahali pasipo pake. Wazee wa pwani walifukiza mtungi wa udongo uliokuwa safi tayari, ili maji yanywewe yakiwa na harufu njema. Ukiufukiza udi ndani ya bakuli la plastiki lenye shombo, shombo litabaki palepale, na udi utaingia juu yake, na safari hii mteja atakuuliza kama wali umeupika harusini.

Ama jiki, hiyo ni dawa ya kuua vijidudu, si ya kuondoa mafuta wala harufu iliyozama, na yenyewe ina harufu kali inayoweza kubaki. Ukitaka kuitumia kwa chombo kilichokwisha kuoshwa, chagua ile isiyotiwa manukato, tia kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, zungusha maji hayo ndani ya chombo kwa dakika moja au mbili, kisha suuza vizuri. Kuloweka usiku kucha hakuna faida yoyote zaidi ya hiyo. Lakini kuna jambo ambalo ningependa ulibandike ukutani juu ya sinki: jiki isikutane kamwe na siki wala ndimu, kwa kuwa ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza macho na mapafu. Mtu anaweza kuyaloweka mabakuli kwa siki asubuhi, akayasuuza haraka haraka, akayamiminia jiki mchana ndani ya jiko dogo lisilo na dirisha, akadhurika pamoja na watoto wake. Kwa kuwa utatumia siki, mimi ningekushauri jiki uiache kabisa. Wala usiitie kwenye vyombo vya chuma, hata kile kisichoshika kutu, kwa sababu hukitoboa vitundu vidogo.

Chupa zako za juisi zinahitaji mkono mwepesi. Tazama chini ya chupa. Ukikuta alama ya pembetatu yenye namba 1 ndani yake, hiyo ni plastiki inayolegea na kujikunja ukiitilia maji yanayochemka, kwa hiyo maji yawe ya uvuguvugu tu. Tia maji nusu chupa, sabuni kidogo, na konzi ya mchele, ufunge na kutikisa kwa nguvu. Punje zitasugua pembe ambazo brashi haifiki. Kisha ijaze maji ya uvuguvugu yenye bekingi soda, uiache usiku kucha bila kuikaza kifuniko. Utaratibu huu utaondoa harufu ya juisi iliyochacha. Ya tangawizi itapungua, lakini sitaki kukudanganya kwamba itakwisha, maana mafuta ya tangawizi hayajali asidi wala soda, na shingo nyembamba ya chupa huzuia jua na hewa visifanye kazi yao. Hapa nakushauri uache kupigana. Zitenge chupa tano au sita ziwe za tangawizi siku zote, uzifunge vifuniko vya rangi moja, na pasheni isiingie humo tena.

Kuhusu chupa ya chai, kioo kilichomo ndani hakinywi harufu. Kinachonuka ni kizibo. Maziwa ya chai hupenya kwenye nyuzi za kizibo na kwenye mpira wake, na kwa kuwa mahali hapo hukaa na joto la wastani mchana kutwa, vijidudu hustawi. Fungua kizibo kadiri kinavyoweza kufunguka, ukisafishe kama nilivyoeleza kwa mpira wa mfuniko. Ndani ya chupa tia maji ya moto na vijiko viwili vya bekingi soda, uiache wazi hadi yapoe, kwa sababu maji ya moto yenye soda yakifungiwa kwa nguvu yanaweza kusukuma kizibo na kukuunguza. Usitikise mchanga wala mchele ndani yake, kioo kile ni chembamba. Halafu, usiku chupa ilale wazi, ikiwa imepinduliwa juu ya kitambaa, na kizibo pembeni. Vyombo vingi sana hupata harufu kabatini, kwa kuwa vimefungwa vikiwa na unyevu, na hili linayahusu na mabakuli: yapange kabatini mifuniko ikiwa imetenganishwa.

Ukimaliza hayo yote, mwite binti yako. Tia maji ya moto katika kila bakuli, ufunike robo saa, kisha umpe afungue na kunusa akiwa amesimama nje, mbali na jiko. Pima hivyo ili bakuli liwe katika hali ileile linayokuwa mikononi mwa mteja. Litakalopita lirudi kazini. Litakalokataa lirudie siki na jua mara moja zaidi, na likikataa tena, hasa kama ni miongoni mwa yale yaliyokwaruzwa sana, liondoe katika chakula cha wateja. Usilitupe, andika juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika neno SAMAKI, nalo ndilo litakalokwenda Feri kuanzia sasa, likiwa na wenzake sita au saba, na hayo yasiguse wali tena maisha yake yote. Ukiweza kidogokidogo, vyombo vya Feri viwe ndoo ndogo ya chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa haishiki shombo, lakini mabakuli ya zamani yanatosha kwa kuanzia.

Jambo jingine linahusu saa ya kufungasha. Ukipakua mchuzi unaotokota moja kwa moja kwenye plastiki, unaifungulia plastiki mlango wa kunywa mafuta. Uache mvuke mkali upungue kwa dakika chache kwanza. Nasema dakika chache, si zaidi, maana wali uliopikwa haufai kukaa ukipoa katika joto letu. Joto la nje likipita nyuzi 32, chakula kilichopikwa kisikae bila kuhifadhiwa kwa zaidi ya saa moja. Kama safari yako hadi mteja wa mwisho ni ndefu kuliko hapo, chakula kibaki cha moto ndani ya hotpoti kubwa, na upakue ukiwa mjini.

Yule mama mpigie simu wewe, usingoje akupigie. Usimwambie kwamba hukusikia harufu yoyote, hata kama ni kweli, kwa kuwa atasikia kama unamkanusha. Mweleze kwamba alikuwa na haki, kwamba mabakuli yalikuwa yakibeba samaki, na kwamba umekwisha kuyatenga. Mtu aliyeuliza kwa upole namna ile hakuwa anatafuta ugomvi, na huenda amenyamaza kwa kuona haya kukurudia jambo hilo. Kisha mpelekee wali wa nazi na maharage, chakula kilekile, siku utakayoichagua wewe, katika bakuli ambalo binti yako amelinusa asubuhi hiyo kabla hajaenda shule.

Shangazi